Mtoto Mahututi Hapangi Foleni: Shajara ya Safari ya Korogwe na Muheza

Jumapili: Dar es Salaam hadi Korogwe

Tuliondoka Dar es Salaam alfajiri, daktari wa watoto, fundi wa vifaa tiba, dereva, na mimi niliye muuguzi mkufunzi. Nyuma ya gari tulipakia midoli ya kufanyia mazoezi ya kupumulisha, ambubagi, yaani mifuko ya kupumulishia kwa mkono, za watoto wachanga na za watoto wakubwa, oksimita za kupimia oksijeni ya damu, glukomita za kupimia sukari pamoja na stripu zake, na boksi la chati ambazo tulikuwa tumezichapa kwa maandishi makubwa ili zisomeke hata taa inapokuwa hafifu. Kutoka Chalinze tulishika njia ya Lugoba na Msata, tukavuka Wami, na jua lilipoanza kuwa kali tulikuwa tumekwisha kupita Mkata. Segera barabara inagawanyika, ya kulia ikielekea Muheza na Tanga, ya kushoto ikielekea Korogwe na Kilimanjaro, nasi tukachukua ya kushoto katikati ya mashamba ya mkonge.

Mazungumzo ya njiani yalikuwa juu ya Blantyre. Ni katika Hospitali ya Queen Elizabeth ya mji huo wa Malawi ambako Dakta Elizabeth Molyneux na wenzake walipanga upya kliniki ya watoto wa chini ya miaka mitano, wakaanza kuwachambua watoto kwa ukali wa hali zao badala ya saa waliyofika, na wakaweka huduma ya dharura palepale mtoto anapopokelewa. Katika taarifa waliyoichapisha mwaka 2006 walieleza kuwa vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya asilimia 10 na 18, vilishuka hadi kati ya asilimia 6 na 8. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutoa kitabu cha mafunzo ya namna hiyo mwaka 2005, nacho ndicho msingi wa mafunzo tuliyokuwa tunayapeleka. Daktari wetu hupenda kuirudia habari ya Blantyre kila anapokutana na mtu anayesema kwamba hakuna linaloweza kufanyika mpaka lije jengo jipya, na mimi naungana naye kwa moyo wote, kwa sababu sehemu kubwa ya watoto wanaofia hospitalini hufa ndani ya saa 24 za kwanza, na saa hizo mara nyingi huliwa na benchi la kusubiri.

Tulilala Korogwe.

Jumatatu: Foleni

Hospitali ya wilaya iliyotualika iko nje ya barabara kuu, na nitaiacha bila jina kwa kuwa niliyoyaona pale nimeyaona katika hospitali nyingi, na watumishi wake walitupokea kwa uwazi ambao haustahili kulipwa kwa kuwaanika. Mganga mfawidhi alituomba tusifundishe chochote siku ya kwanza, tukae tu na kutazama, na ushauri huo ulikuwa wa mtu anayeijua kazi yake.

Saa moja na nusu asubuhi mabenchi ya wagonjwa wa nje yalikuwa yamejaa. Mama akifika na mtoto, huanzia kwenye dirisha la usajili, akaenda kwenye mizani, akarudi kusubiri kuingia kwa afisa tabibu, akatumwa maabara, akarudi tena kwa afisa tabibu na majibu, na ikiwa mtoto ni wa kulazwa ndipo anaelekezwa wodini, ambako muuguzi huanza kutafuta kanyula ya kupitishia dawa mshipani, na dawa yenyewe. Njia hiyo inamfaa mtoto mwenye mafua. Kwa mtoto mwenye malaria kali ni njia ndefu kupita uhai alio nao.

Katikati ya asubuhi alishuka mama mmoja kwenye bodaboda akiwa amemfunika mtoto kwa kanga hadi kichwani. Alikaa mwisho wa benchi, akawa anasogea kila benchi liliposogea. Watoto wanaolia huonekana haraka, kila mtu huwahurumia na hata mama zao hupishwa. Mtoto aliyenyamaza hudhaniwa amelala. Daktari alimwendea, akamsalimia, akaomba kufunua kanga. Viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe kama karatasi, mbavu zikizama kwa ndani kila alipovuta pumzi, na alipobanwa kidogo alifungua macho bila kulia. Hapo utaratibu wetu wa kutazama tu ulikoma. Damu yake ilipimwa ikakutwa chini ya gramu 4 kwa desilita, akawekewa oksijeni, akaanzishiwa artesuneti, sindano ya malaria kali, na alasiri chupa ya damu ya kundi lake ikapatikana kwenye benki ya damu ya hospitali. Alilala wodini usiku ule, na asubuhi yake tulimkuta ananyonya.

Jioni tulizungumza na karani wa dirisha la usajili. Sera ya nchi inasema watoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma, kwa hiyo hakuna fedha ambayo mtoto yule alipaswa kuisubiri. Karani, kijana mpole, alieleza kwamba bila namba ya usajili hawezi kutoa faili, bila faili afisa tabibu haandiki, na bila maandishi maabara haipokei kipimo. Kila mmoja katika mnyororo ule alikuwa anatimiza wajibu wake kwa uaminifu. Sikuona mzembe. Niliona utaratibu ambao hakuna mtu aliyewahi kuupanga kwa kumfikiria mtoto anayekata roho.

Jumanne: Mikono ya watu wote

Tuliomba mafunzo yahudhuriwe pia na walinzi, makarani na wahudumu wa usafi. Baadhi ya watabibu walishangaa, na mmoja alisema waziwazi kwamba mlinzi hawezi kufundishwa utabibu. Daktari alimjibu kwa heshima kwamba mlinzi ndiye mtumishi wa kwanza kumwona kila mtoto anayeingia getini, saa zote za mchana na usiku, na kwamba tunachomtaka ajue ni kutambua, kutibu kukabaki kazi ya watabibu.

Tulifuata mpangilio uleule unaofundishwa kote: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, kupoteza fahamu, degedege, na upungufu mkubwa wa maji kwa mtoto anayeharisha. Mtoto mwenye dalili mojawapo ya hatari katika hizo hutibiwa hapohapo, kabla ya kuandikishwa. Wanaofuata ni wale wa kutangulizwa mbele ya foleni, kama vile mchanga wa chini ya miezi miwili, mwenye homa kali mno, aliyeungua, aliyekunywa sumu, mwenye utapiamlo mkali au miguu iliyovimba, aliyeletwa kwa rufaa. Wengine wote wanaweza kusubiri zamu yao bila madhara.

Swali bora la siku liliulizwa na mlinzi wa getini, mzee aliyekuwa amekaa nyuma kabisa. Alisema, "Nikimwona mtoto amelegea namna hiyo nimbebe, sawa. Nimpeleke wapi, na huko nitakapomfikisha nani atanisikiliza?" Chumba kilinyamaza, kwa sababu hospitali haikuwa na mahali hapo. Mchana ule ule metroni, mkuu wa wauguzi, alitoa chumba kidogo kilichokuwa kimejaa madawati mabovu, kikafagiliwa, kikawekwa kitanda kimoja kirefu chenye kimo cha kiuno ili mtu asiiname akipumulisha, na mstari mwekundu ukapigwa sakafuni kutoka getini hadi mlangoni pake. Kila zamu iliandikiwa jina la muuguzi mmoja ambaye chumba hicho ni chake.

Kisha tukakaa kwenye mikono. Nilimfundisha kila mmoja, akiwemo mzee yule, kubonyeza ukucha wa kidole gumba cha mtoto mpaka uwe mweupe, akaachia na kuhesabu rangi inarudi baada ya sekunde ngapi; zikizidi tatu, mikono ikawa ya baridi na mapigo ya damu yakawa dhaifu na ya kasi, damu haimfiki mtoto vizuri mwilini. Baada ya hapo tukaja kwenye sukari, jambo ambalo husahaulika kuliko yote. Mtoto aliyepoteza fahamu au anayetetemeka kwa degedege huenda sukari yake ya damu imeshuka chini ya milimoli 2.5 kwa lita, na hospitali nyingi zina dekstrosi, maji ya sukari ya mshipa, ya asilimia 50 peke yake, ambayo ni nzito mno kwa mishipa ya mtoto. Muuguzi anavuta mililita 10 za dekstrosi hiyo, anaongeza mililita 40 za maji safi ya sindano, anapata mililita 50 za asilimia 10, na anampa mtoto mililita 5 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 anamaliza mchanganyiko wote. Tuliwafanyisha tena na tena mpaka mikono ikazoea, kisha chati ya hesabu hiyo ikabandikwa ukutani juu ya kitanda, kwa kuwa saa nane za usiku si saa ya kumtaka mtu apige hesabu kichwani.

Jumatano: Oksijeni

Siku hii ilikuwa ya fundi wetu. Wodi ya watoto ilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni, na watumishi walituambia kwamba mashine za kuzalisha oksijeni zilikwisha kufa. Fundi aliomba kuonyeshwa zilikozikwa. Zilikuwa stoo, mbili, zimefunikwa kwa shuka la zamani, kila moja imebandikwa karatasi yenye neno "mbovu".

Alifungua ya kwanza sakafuni, wauguzi wakimzunguka. Kichujio cha sponji kilichoko nyuma, ambacho hupaswa kuoshwa kwa maji na sabuni kila wiki, kilikuwa kimegeuka kama tabaka la udongo, na hewa ilikuwa haipiti. Alikiosha, akakikausha juani, akabadilisha kifuniko cha chupa ya maji kilichopasuka, akaiunganisha kwenye kidhibiti umeme alichokuja nacho, akaiwasha na kuiacha itembee kidogo, halafu akapima: oksijeni asilimia 93. Mashine iliyozikwa ilikuwa nzima. Ya pili ilitoa hewa isiyotofautiana sana na tunayoivuta sote, na akaeleza kwamba kemikali zake za ndani za kuchuja naitrojeni zimechoka, hivyo inahitaji vipuri. Akaiandikia ripoti yenye namba za vipuri vyenyewe ili anayeagiza asipate kisingizio.

Aliwafundisha kutumbukiza ncha ya mpira kwenye glasi ya maji na kutazama mapovu kabla ya kuuweka puani kwa mtoto, maana mpira uliokunjika chini ya godoro hautoi kitu, na mashine huendelea kunguruma kana kwamba mambo ni sawa. Akawaonyesha pia kwamba oksimita ya kubana kidole cha mtu mzima hudanganya kwenye kidole cha mtoto mchanga, na kwamba sensa ya kuzungushia mguu ndiyo inayofaa. Mtoto ambaye kipimo chake kiko chini ya asilimia 90 anahitaji oksijeni, lita nusu hadi moja kwa dakika kwa mchanga, lita moja hadi mbili kwa mkubwa zaidi, na mashine moja yenye kigawanyio inaweza kuwahudumia watoto kadhaa kwa pamoja.

Usiku umeme ulikatika. Jenereta lilichelewa, mashine ikazimika, na muuguzi wa zamu akakimbilia mtungi wa akiba. Mtungi ulikuwa umejaa. Spana ya kuufungulia ilikuwa imefungiwa kwenye kabati, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda nyumbani. Watoto wawili waliokuwa kwenye oksijeni waliponea kwenye mikono ya wauguzi waliowapumulisha kwa ambubagi, walizokuwa wamezishika kwa mara ya kwanza siku iliyotangulia, mpaka umeme uliporudi. Asubuhi fundi alinunua mnyororo wa kufungia mbuzi, akaifunga spana kwenye shingo ya mtungi. Sijui kifaa cha bei ndogo zaidi ambacho kinastahili kuwepo katika kila wodi ya nchi hii.

Alhamisi: Muheza

Daktari alitaka tufike Muheza, naye alikuwa na sababu. Katika Hospitali Teule ya mji huu, pamoja na ile ya Kilifi nchini Kenya na hospitali nne za Uganda, ulifanyika utafiti uliobadilisha namna dunia inavyowatibu watoto mahututi wenye homa. Vitabu vilikuwa vinafundisha kwamba mtoto ambaye damu haimfiki vizuri mwilini apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka sana. Dakta Kathryn Maitland na wenzake waliwafuatilia watoto 3,141, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu jibu lilijitokeza waziwazi: ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 katika kundi lisilopewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo inayosema mtoto mwenye dalili moja au mbili tu kati ya zile tatu za mzunguko hafifu wa damu tulizofundisha Jumanne asimiminiwe maji ya haraka, na mwenye dalili zote tatu apewe mililita 10 hadi 20 kwa kilo, taratibu, ndani ya dakika 30 hadi 60.

Kabla ya utafiti huo wa maji, Muheza na Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo vya utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusisha watoto 5,425 wa Afrika wenye malaria kali, ambao ulionyesha kwamba waliotibiwa kwa artesuneti walifariki asilimia 8.5, na waliotibiwa kwa kwinini asilimia 10.9. Sindano ile ambayo mtoto wa Jumatatu alichomwa ina mizizi yake katika wodi hizi. Nasema hivi kwa fahari na kwa uchungu pia, kwa kuwa majibu haya yalipatikana kwa watoto wa wakulima wa machungwa na wakata mkonge wa Tanga, ilhali bado kuna hospitali za jirani ambako mtoto mwenye homa hufunguliwa dripu iende mbio kwa sababu hakuna aliyepeleka habari.

Tulikwenda kumsalimu muuguzi mstaafu aliyefanya kazi hapa miaka ile. Baada ya shikamoo na chai, alituambia kwamba anachokikumbuka zaidi ni jinsi watoto wote, wa kundi lolote, walivyoangaliwa kwa karibu: muuguzi yupo, oksimita ipo, dawa iko mezani, na kila baada ya muda mfupi mtu anarudi kitandani. Aliamini watoto wengi walipona kwa hilo peke yake. Daktari aliongeza tahadhari ambayo tuliirudia kesho yake darasani, kwamba habari hii haimhusu mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha; huyo akinyimwa maji anakufa, na ratiba yake ni mililita 100 kwa kilo, za kwanza 30 zikienda haraka na 70 zikifuata kwa saa kadhaa kulingana na umri.

Ijumaa: Mstari mwekundu

Asubuhi bodaboda iliingia getini ikiwa na bibi na mjukuu wa kama miaka miwili, mtoto akiwa katika degedege. Mzee wa getini hakuuliza jina. Alimpokea, akafuata mstari, na alipoingia chumbani muuguzi aliyeandikwa kwa zamu ile alikuwa tayari amesimama. Mtoto alilazwa ubavu, mate yakafyonzwa, oksijeni ikawekwa, diazepamu ya kukatiza degedege ikapitishwa njia ya haja kubwa, nusu miligramu kwa kilo, na mwingine akachoma kisigino kupima sukari. Ilikuwa 1.8. Dekstrosi ilichanganywa huku macho yakiwa kwenye chati, na kabla haijaisha mtoto alikuwa ameacha kutetemeka. Kipimo cha malaria kilisoma ndiyo, akapewa artesuneti ya miligramu 3 kwa kilo kama inavyostahili mtoto wa chini ya kilo 20. Karani alikuja mwenyewe na kalamu, akamwandikisha kitandani.

Bibi alieleza kwamba usiku walimpeleka kwanza kwa mganga wa kienyeji, kwani wengi huku Pwani husema degedege ni ya ndege wa kishetani apitaye juu ya mtoto na kwamba sindano humuua. Muuguzi aliyemsikiliza hakumkemea. Alimwambia, "Bibi, umefanya vyema kumleta, na siku nyingine degedege ikianza anza kwetu, tupate kumwahi." Kauli hiyo naithamini sawa na dawa, maana bibi aliyeaibishwa mbele ya watu hatarudi, na majirani zake watasikia.

Jioni aliletwa mtoto mwingine kutoka zahanati ya mbali, akiwa amekwisha kufariki njiani. Karatasi ya rufaa ilikuwa imeandikwa jana yake. Gari la wagonjwa lilikuwa safari nyingine, na baba alitumia usiku kuchanga nauli. Chumba chetu, mstari wetu na mashine iliyofufuliwa havikuwa na la kumfanyia. Daktari alikaa na baba yule nje kwa muda mrefu.

Jumamosi: Kikao

Kikao cha mwisho kilikuwa na mganga mfawidhi, metroni, mfamasia na mkuu wa maabara. Nilisisitiza kwamba mafunzo peke yake hufifia. Kenya walijaribu jambo hili katika hospitali 8 za wilaya, na taarifa yao ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba zile zilizopata mafunzo kamili, usimamizi wa mara kwa mara na mtu wa ndani wa kuwahimiza wenzake ziliboresha huduma kuliko zile zilizopewa miongozo na mhadhara mfupi. Afisa tabibu ambaye Jumanne alipinga walinzi kufundishwa ndiye aliyejitolea kuwa mhimizaji huyo.

Habari ya karatasi ya rufaa ilichukua muda mrefu kuliko zote. Walikubaliana kwamba zahanati zote za wilaya zipewe namba moja ya simu ya chumba cha dharura, itakayopokewa saa zote, ili mtoto anapoandikiwa rufaa hospitali ijue hapohapo na gari liombwe na hospitali yenyewe, mzazi asiachiwe kazi hiyo. Mfamasia aliahidi kwamba sanduku la dharura litajazwa kila makabidhiano ya zamu, na kwamba stripu za glukomita na sensa za oksimita za watoto zitaingia katika maombi yajayo ya Bohari ya Dawa. Metroni alichukua rejista ya wodi, akachora kwa rula safu mbili mpya, moja ya saa mtoto alipofika getini na nyingine ya saa alipopata dawa ya kwanza, akasema kila Ijumaa atazisoma mbele ya watumishi wote, na akaanza kwa kuandika saa za yule mjukuu wa jana.